Mahabusu wa Kukodi

Mshonaji alifika gereza la mji saa mbili asubuhi, karatasi ya hakimu kaibana kwapani kama vile ingepaa. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, kaonekana hana hatia. Miezi minne ndani kwa kosa la kusingiziwa, na leo anatoka.

"Karatasi safi kabisa, dada," sajenti alisema, macho yakiwa getini. "Ila subiri kidogo. Mkaguzi wa serikali kuu anahesabu vichwa. Gereza lenye watu sitini linapewa hela za jengo jipya. Akipungua hata mmoja, tunabaki na hili banda linalovuja."

"Na nyie mko wangapi?"

Sajenti akakohoa. "Leo tuko sitini."

Hiyo 'leo' ikamkaa vibaya. Mshonaji akasogea kwenye nondo, akachungulia. Watu bega kwa bega, jasho tupu. Wa kwanza kumwona alikuwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, kitana bado kiko mfukoni. Nyuma yake, kachuchumaa anachokonoa meno, mume wake. Yule yule aliyeaga alfajiri kwamba anaenda kibaruani. Mtaani wanamwita Mteremko, kwa kupenda vya bure.

Akazigonga nondo kwa kiganja.

"Baba watoto. Umefanya nini?"

"Punguza sauti. Tumekodiwa. Tunahesabiwa, tunakunywa chai, tunapewa posho, tunaondoka."

"Dada, wenzake wanaburutwa," mdogo wake alidakia kutoka kona. "Huyu shemeji yangu kaja jela kwa miguu yake."

Chumba kizima kikacheka. Kicheko hakijaisha, mkaguzi akatoka ofisini, mama mwembamba wa miwani, kakumbatia kitabu cha mahabusu.

"Sitini kamili, jengo mtapata," alimwambia sajenti. "Kitabu naondoka nacho. Ijumaa narudi kuhakiki. Hatoki mtu bila karatasi ya hakimu."

Akapanda gari lake, likaondoka. Sajenti akalikimbilia hatua mbili, akarudi.

"Si uliandika majina ya uongo?" mshonaji aliuliza.

"Alitaka vitambulisho, dada. Niliandika ya kweli."

Kinyozi akakaa chini taratibu. Sajenti akasoma karatasi ya mshonaji mara mbili, akafungua mlango, akamtoa mdogo mtu peke yake. Mteremko akashika nondo.

"Mama watoto, sikiliza. Shemeji ameshazoea humu. Si anipishe hiyo karatasi mpaka Ijumaa?"

Mshonaji akamshika mdogo wake mkono, kwa nguvu, wakaelekea getini. Pale akasimama.

"Sajenti, nakwenda mahakamani kumwombea na huyu. Hakimu ataniuliza kosa. Kitabuni umeandika nini?"

Sajenti akaangalia viatu vyake.

"Wizi wa ng'ombe," alisema. "Kila mtu ilibidi awe na kosa, dada. Nilipomfikia yeye, mengine yalikuwa yameisha."