Kundi la Abti Abdow Laandikwa Moja

Idil Gelle alikuwa ameisoma hisabati mpaka ikamfikisha kwenye uzamivu. Alitafiti namna ya kugawa maji ya visima wakati wa ukame. Milinganyo yake ilijaza kurasa arobaini, na yote ilikwama kwenye jambo moja dogo: idadi ya ngamia. Jopo la Nairobi lilimpa mpaka mwisho wa Shaabani alete idadi ya kundi moja halisi, iliyothibitishwa na mwenye kundi. Asipoileta, ufadhili wake angepewa mwingine.

Akaswali rakaa mbili, akafunga safari kutoka Garissa hadi Tarbaj kwa mjomba wake Abdow, aliyemwita abti kwa Kisomali.

Salamu zilimaliza birika zima la chai ya maziwa. Ndipo akauliza ngamia ni wangapi.

"Wapo, alhamdulillahi," akajibu Abdow.

Wanapita hamsini? Ajuaye ni Mola. Mfugaji hatamki idadi ya mifugo yake, kwa maana kijicho hakibishi hodi. Waliokuja kuchanja aliwaambia anao thelathini, walioleta lishe ya msaada akawaambia mia tatu, na tarakimu zote mbili zilipigwa muhuri. Msimamizi wa Idil, profesa mwenye shahada nyingi kuliko viatu, alishauri achukue wastani.

Jioni ngamia waliporudi, Abdow aliwatupia jicho mara moja tu, akasema Kijivu amebaki nyuma. Idil akamuuliza amejuaje bila kuhesabu.

"Wewe ukiingia kwenu, unahesabu watu ndipo ujue mama yako hayupo?"

Jibu la swali hilo halikuwa katika kurasa arobaini.

Kijivu akapatikana, na siku ya kunywesha Idil akaketi kando ya kisima tangu alfajiri. Ngamia hawahesabiwi, lakini ndoo nani aziogope? Akapima ngamia mmoja hunywa ndoo ngapi, akahesabu zote zilizomiminwa horini, akagawanya. Mia moja na arobaini. Akaandika. Sasa mwenye kundi athibitishe vipi na kinywa amekifunga?

Baada ya swala ya alasiri akaamua kumweleza mjomba ukweli, ili asihofu. Alimwambia katika kitabu cha utafiti wake idadi haitaonekana; kundi lake limeandikwa moja, na makundi mengine yatapimwa kwa hilo.

Abdow akauliza nani watakisoma. Maprofesa, akasema Idil, wa Nairobi na wa Ulaya.

"Moja?" Abdow akaweka kikombe chini. "Ulaya wasome kwamba Abdow wa Tarbaj ana moja?"

Idil akaeleza kwamba ni kipimo tu, abti, ndivyo wanahisabati wafanyavyo. Kila alivyoeleza, ndivyo shingo ya mjomba ilivyozidi kuvimba. Sharifo, mkewe, akachekea ndani ya shungi. "Hata mahari yangu ilikuwa ishirini," akasema.

Hapo uvumilivu ukamwisha Abdow.

"Mia moja arobaini na watatu! Andika hivyo!"

Idil akaitazama karatasi yake. Walizidi watatu. Akauliza taratibu kama wapo wachanga ambao hawajaanza kunywa maji.

"Watatu," akasema Sharifo. "Wananyonya bado."

Idil akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Abdow alikuwa amekwisha kujiziba mdomo, akirudia mashaallah kwenye kiganja. Neno lilikwisha kutoka, akatia sahihi karatasi ya jopo, kwa sharti moja: mpwa wake amsomee kila ngamia Suratul Falaq ya kumkinga na kijicho, mmoja baada ya mwingine, asimruke hata mmoja, na asihesabu.