Chumba cha Kuonyesha

Kila chuo kinapokaribia kufunguliwa, dalali huwaleta wanafunzi chumbani kwangu. Vyumba vingine vya ghorofa yetu vina ukungu mpaka darini, kwa hiyo mama mwenye nyumba aliniomba, "Mwanangu, waonyeshe chako, wapate picha."

Nikavimba kichwa. Rangi nilipaka mwenyewe, kitasa nilibadilisha mwenyewe, mapazia nilishona kwa cherehani yangu. Wageni wakija nawamwagia sifa: maji hayakatiki, majirani watulivu. Wakishakubali, wanakabidhiwa ufunguo wa chumba cha ukungu. Wakilia baadaye, shauri yao.

Jana alikuja binti wa mwaka wa kwanza na wazazi wake. Nikasifia mpaka koo likakauka. Baba mtu akagonga ukuta, akafungua bomba, akamgeukia dalali.

"Hatutaki kinachofanana na hiki. Tunataka hiki hiki."

Nikacheka. Dalali hakucheka. Alitoka koridoni, akampigia simu mama mwenye nyumba, akarudi anaangalia viatu vyake.

"Dada, mama anasema wewe ni mtu wa nyumbani, utaelewa. Hicho cha jirani kiko wazi, uhamie."

Hicho cha jirani! Miaka yote nawasukumia wenzangu ukungu ule, sasa nasukumiwa mimi.

Mama wa binti akashika pazia langu, akalipapasa. "Na haya mapazia, mwanangu, unatuachia?"

Nilitaka kumtukana. Lakini mdomo, kwa mazoea, ukajibu, "Yafueni kwa maji baridi tu, mama. Hayachuji kabisa."