Swali la Tisa na Miguu ya Papa Mbonigaba

Jumanne, tarehe 14 Juni 2022. Asubuhi ukungu ulifunika Kitshanga, ng'ombe wakasikika barabarani kabla ya kuonekana. Verdiane, mwenye miaka arobaini na mitatu, alipokea matokeo ya mtihani wa kuingia shule ya biashara: hamsini na mbili kwa mia. Walitaka sitini.

Lililomwangusha ni swali la tisa. Mfanyabiashara alipata shamba ambalo wenyewe walilikimbia wakati wa vita, akaliuza. Tafuta faida yake. Swali lilitaja hata kijito na miparachichi mitatu. Lilikuwa shamba la kwao. Verdiane aliandika: "Hakuna faida. Shamba lina wenyewe." Akapewa sifuri.

"Mama Verdiane," alisema Polycarpe, mwalimu wa masomo ya jioni, "swali haiulize shamba iko ya nani. Fanya hesabu tu. Utarudia mwezi wa nane."

Jioni hiyo baba wa Verdiane, Papa Mbonigaba, aliyefia katika kambi ya wakimbizi ya Kashuga miaka minne nyuma, aliingia darasani akaketi benchi la mwisho. Polycarpe alimwandika kwenye orodha. Verdiane alisali kimya, akafanya hesabu, akaandika faida. Miguu ya baba yake ikazama sakafuni hadi vifundoni.

Kila jibu lilipokuwa sahihi, mzee alizama kidogo. Kufikia Julai sakafu ilimfika magotini, naye alisimama tu. Kasika, mwuza misumari aliyesoma nao, alimzunguka akienda ubaoni.

"Papa, ukiendelea hivi tutakupalilia kama viazi."

"Palilia tu. Shamba ingine sina."

Verdiane akaweka kalamu chini. "Baba, niache?"

"Andika, mutoto wangu. Mimi niko mufu, siwezi kufeli tena."

Agosti, swali la tisa lilikuwa lile lile. Alifanya ishara ya msalaba, akaandika faida. Akapata sabini na mbili.

Darasa lilipiga makofi. Papa Mbonigaba alikuwa amebaki kichwa na kofia, karibu na mlango. Aliyeingia aliinua mguu asimkanyage. Kule kilimani, kwenye shamba lao, aliyelinunua alikuwa akijenga zizi.

Kwao mipaka ya shamba husemwa kwa sauti, majirani wakisikia. Verdiane alipiga magoti kando ya kofia, akawaita Polycarpe na Kasika wasimame karibu. Akataja kijito, akataja miparachichi, mmoja mmoja.

"Baba, hawa wawili wanasikia. Nikimaliza hiyo shule, swali ya tisa nitaiandika mimi, na jibu itakuwa ile yangu ya kwanza."