Huzaifa Anapima Earphone

Jumanne ile ya mwaka 2014, lori lilipomgonga kaka yangu Huzaifa pale Kikorongo, wateja wawili walikuwa wamekaa kibandani kwake Bwera wakimngoja arudi na mzigo kutoka Kasese awapimie earphone. Walingoja mpaka jioni. Mmoja alikasirika.

Huzaifa ndiye aliyekuwa mpimaji. Alikuwa akifunga kilo ya chumvi ya Katwe kwenye waya wa earphone, anauning'iniza, anaenda kuswali adhuhuri. Akirudi haujakatika, umefaulu. Kisha mteja alisikiliza maneno ambayo Huzaifa aliyarekodi jikoni kwangu: "Mimi Huzaifa, niko kushoto. Sasa niko kulia." Nyuma yake kifuniko cha sufuria kinaanguka. Earphone mbovu hazitoi mlio wake kabisa. Nzuri zinautoa mpaka kinapoacha kuzunguka.

Baada ya matanga watu waligoma kununua kwa Wahab, mwenzake wa biashara.

"Tunamtaka Huzaifa," walisema.

"Dada Swabrah," Wahab akaniambia, "mwenyewe ameenda, lakini sauti iko."

Nikakubali itumike. Mama mmoja kutoka upande wa Congo alivaa, akageuka kushoto, akachungulia chini ya meza.

"Iko wapi huyu mutu?"

"Alikufa, mama."

"Alikufa na bado anafanya kazi? Bwana yangu iko muzima, hata jembe hagusi!" Akanunua mbili.

Shida ililetwa na Muzamiru, wa kibanda cha pili. Alipata nakala ya sauti ile, akakiongezea kifuniko nguvu kwa kompyuta. Sasa kilisikika hata kwenye earphone mbovu, kwa kishindo kama paa la shule limeanguka. Akauza katoni tatu.

Wiki iliyofuata Erifazi, mkulima wa kahawa, alishuka kutoka Kyarumba mpaka mlangoni kwangu, ameshika earphone zilizokufa, alizonunua kwa Muzamiru.

"Ndugu yako ni mwongo," alisema. "Pole kwa msiba, lakini ni mwongo."

Neno hilo lilininyima chakula siku mbili. Ijumaa nikaenda naye kwa Muzamiru.

"Ifute sauti hiyo."

"Dada, marehemu ndiye mfanyakazi wangu bora. Hachelewi, haombi ruhusa."

Watu wakacheka. Nikachukua earphone zake, nikasikiliza mpaka mwisho.

"Kifuniko hiki si chenyewe."

"Wewe utajuaje?"

"Ni mimi niliyekiangusha. Kilikuwa chepesi, kikagonga mguu wa kigoda, kikazunguka mara nne. Chako kimeanguka kama ng'ombe."

Kicheko kikamgeukia Muzamiru.

"Basi mwongo ni huyu," Erifazi akasema. Akaokota earphone nyingine mezani, akanipa. "Hizi nazo? Zipime wewe."

Nyuma yake watu wakajipanga foleni, kila mmoja na zake. Wa mwisho alikuwa Muzamiru, amebeba katoni.

Sasa nakaa kwa Wahab kila Jumanne na Ijumaa, nikipima. Namsikia Huzaifa kama mara arobaini kwa siku, na earphone zinazoshindwa zinarudishwa Kasese kwa gari la saa tisa.