Viazi Alivyokula Nguruwe

Maharagwe yalikuwa motoni tangu jana mchana na bado yalikuwa magumu. Nohemí alichota moja kwa mwiko, akaling'ata, likamkatalia. Akaongeza maji, akarudi kwenye kigoda chake na kuficha mikono kwapani. Kwao Tela, pwani ya Honduras, alikuwa akiuza maharagwe mlangoni kwa mama yake, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha sahani. Huku kwetu Wilakota, juu kabisa kwenye nyanda za Bolivia, maji huchemka upesi lakini hayapati moto wa kuivisha maharagwe. Kila mtu anajua hilo. Yeye hakuambiwa, kwa sababu wanawake hawakuwa wakisema naye.

Chanzo kilikuwa viazi. Juma walilofika, yeye na mumewe Mchungaji Abdías, na mabegi yao na gitaa lililopungukiwa waya mmoja, jirani yao Basilia aliwaletea mzigo wa chunyo katika kitambaa chake cha kubebea mgongoni. Chunyo ni viazi vilivyogandishwa na baridi, vikakanyagwa, vikakaushwa mpaka vikawa vidogo, vyeusi na vyepesi. Hukaa miaka, na mtu hammegei mgeni akiba hiyo kama hajampenda. Nohemí alishukuru kwa tabasamu pana. Basilia alipoondoka akaufungua mzigo, akanusa, akaona vimeoza. Alimhurumia mama wa watu, aliyekosa hata viazi vizima vya kutoa. Akavimwaga nyuma ya ukuta, mbele ya nguruwe, na nguruwe yule alikuwa wa Basilia.

Basilia alimkuta mnyama wake akitafuna. Alianua kitambaa chake kwenye kamba, kikiwa kimefuliwa kikatakata, akaenda zake. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na habari.

Tangu hapo kanisa likabaki na mzee Eulogio tu, ambaye hasikii, na mbwa wake. Mwezi wa nane msimamizi wa misheni angekuja kutoka mjini Oruro kukagua kazi. Akikuta mabenchi matupu, kanisa lingefungwa na wao wangerudishwa kwao. Abdías alilihofia jambo hilo mpaka akakonda. Nohemí alilihofia pia, ila usiku aliota bahari, na asubuhi aliona haya mbele ya mumewe. Kosa lake alikwisha kulijua, maana siku moja sokoni aliona chunyo ikipimwa kwa uangalifu na wanawake wakiigombania, akasikia inavyokanyagwa, akatamani ardhi impasukie. Alikwenda kuomba radhi. Basilia aliitikia salamu, akafunga mlango.

Ikafika Jumapili moja ya mwezi wa sita. Jalidi ilikuwa imeanguka usiku kadhaa mfululizo, na nyasi zote zilikuwa nyeupe. Abdías aligonga kipande cha reli kinachotumika kama kengele, akangoja, akagonga tena. Hata Eulogio hakuja. Kutoka mlangoni waliona kijiji kizima kule uwandani, kila nyumba na kipande chake cha ardhi, watu peku wakizunguka palepale walipo.

"Wanacheza ngoma siku ya Bwana," Abdías alisema.

"Wanakanyaga viazi vilivyoganda. Jua likipanda vinayeyuka, na wasipovikamua leo vitaharibika."

"Hawawezi kungoja kesho?"

"Kaviulize viazi," alisema Nohemí.

Alikuwa akimtazama Basilia. Mume wa Basilia alikuwa mgodini, watoto walikwisha kuhamia Ajentina, na leo hakukuwa na jirani wa kumwazima miguu, maana kila mmoja alikuwa na viazi vyake. Kipande chake kilikuwa kikubwa na mtu alikuwa mmoja. Nohemí alivua viatu, akaviacha kizingitini mwa kanisa, soksi ndani. Abdías alimwita kwa jina. Aliendelea kutembea.

Basilia aliitazama ile miguu laini, hakumfukuza wala hakumkaribisha. Nohemí akapanda juu ya viazi. Baridi ilimpanda mpaka kwenye magego. Alikanyaga kwa nguvu zake zote, viazi vikapasuka na kuruka huku na huku.

"Usivipige teke, mama mchungaji," alisema Basilia. "Hivi havijakukosea."

Akamwonyesha: kisigino chini, kiazi kizunguke, ganda lichubuke, maji yatoke yenyewe. Nohemí akaiga. Maji ya viazi yalimtoka katikati ya vidole, baridi na yenye povu. Walikanyaga kwa muda mrefu, jua likapanda.

"Bi Basilia, mimi nilidhani vimeoza."

"Najua ulichodhani." Basilia aligeuza rundo kwa mguu. "Nguruwe yule alivipenda. Wiki nzima alinisusia maganda."

Nohemí hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Alicheka, akalia, makamasi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa gauni la ibada.

"Na hayo maharagwe yako," Basilia aliendelea. "Moshi tangu jana. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Anakaa wapi?"

"Kando ya bahari."

"Basi ndiko yanakoiva." Akakanyaga kidogo. "Wanasema mtaondoka mwezi wa nane."

"Pengine."

"Hivi vitakuwa vimekauka mwezi wa saba," alisema Basilia, na akaonyesha kwa kidevu. "Vyako ni vile vya kando ya jiwe."

Nohemí aliviangalia vile vya kando ya jiwe. Vilikuwa vingi, vya kula mwaka mzima. Alirudia kukanyaga, polepole sasa, akivipita vya Basilia mpaka akavifikia vyake.

"Yule mumeo anahama?" Basilia aliuliza.

Abdías alikuwa amelitoa benchi moja kanisani na alikuwa akishuka nalo begani, akiyumba, tai ikimpiga usoni. Watu walisimama kumtazama. Alilitua ukingoni mwa viazi, akaketi mwisho mmoja kama anayengoja waumini, Biblia mapajani bila kuifungua, na nafasi yote iliyobaki ikawa tupu. Aliangalia miguu ya watu. Kisha aliinama kwenye kamba za viatu vyake. Pengine alizifungua, pengine alizikaza. Kutoka kando ya jiwe Nohemí hakuweza kuona.