Mteremko Uliopakwa Rangi Nyekundu

Ofisini walimwita Mama Ramani, ingawa hakuwa na mtoto. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta katika chumba cha ghorofa ya tatu, akitazama picha zilizopigwa na setilaiti na kuonyesha mahali msitu ulipopungua au mto ulipohama. Alikuwa hodari. Mkuu wa idara alizoea kuwaambia wageni kwamba mama huyu akisema mti umekatwa, hata aliyeukata atakubali.

Jumanne ile aliingia saa mbili asubuhi, akatundika koti lililolowa nyuma ya mlango, akafungua kazi aliyopewa jana yake: kupima maji ya mafuriko bondeni. Mawingu yalikuwa yameziba anga kwa wiki mbili, kwa hiyo aliagiza picha za rada. Picha za kawaida huona rangi, kama jicho la mtu. Rada haina habari na rangi wala mawingu. Hutuma mawimbi yake chini na kusoma yanavyorudi, na hapo hujulikana kama mahali pana miti iliyosimama au ni uwanda mtupu.

Picha ilikuja pana kuliko alivyohitaji. Pembeni kabisa, juu ya bonde, ulionekana mteremko alioujua vizuri. Wiki tatu zilizopita aliupaka rangi nyekundu yeye mwenyewe: hekta mia mbili na sita za msitu wa chanzo cha maji, zimefyekwa. Hakwenda kuhakikisha. Gari la idara lilikuwa bovu, njia ilikuwa matope, na mkuu wa idara aliitaka ripoti kabla ya Ijumaa. Chini ya mteremko palikuwa na nyumba sitini na nne, na kila aliyeisoma ripoti aliona ni wazi wafyekaji ni akina nani.

Sasa palepale kwenye wekundu wake, rada ilionyesha msitu umesimama.

Alidhani amechanganya tarehe. Akazisoma upya. Akafungua picha ya rada ya mwaka jana, akaiweka kando ya hii, akazilinganisha kipande kwa kipande. Hazikutofautiana. Kwenye picha za kawaida, alizotumia kuandika ripoti, ukijani ulikuwa umetoweka, hilo ni kweli, lakini kilichokuwa kimesimama mwaka jana kilikuwa bado kimesimama.

Mteremko ule ulikuwa wa mianzi mitupu. Ndipo akakumbuka malalamiko ya kaka yake. Kaka huyo, kifungua mimba wa mama yao, alikuwa kamanda wa askari wa misitu wa eneo hilohilo. Mwezi uliopita alikuja kula kwake mchana, akasimulia jinsi panya walivyowavamia kambini: wanakula unga, wanakula sabuni, wamekula hata kamba za viatu vyake. Walicheka mpaka wakatokwa machozi. Lakini mianzi huishi miaka mingi bila kuchanua, halafu wakati wake ukifika huchanua yote kwa mkupuo mmoja, ikamwaga mbegu, ikafa ikiwa wima. Panya hufuata mbegu. Alilisoma hilo chuoni, akalijibu kwenye mtihani, akafaulu, akalisahau.

Hapakuwa na mtu aliyefyeka. Mianzi ilikuwa imekufa kwa uzee wake, na yeye aliandika kwamba imeuawa.

Amri ya kuwahamisha wakazi ilikuwa imebandikwa ukumbini chini, na ripoti yake imeambatanishwa nyuma. Ubomoaji ungeanza Jumanne hiyohiyo, saa nne asubuhi, chini ya askari wa kaka yake. Aliangalia saa. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini.

Mkuu wa idara alimsikiliza huku akipanga kalamu zake mezani. Akamwambia aandike maelezo, yatajadiliwa kwenye kikao cha wiki ijayo. Akamkumbusha kwamba ripoti ikishatoka nje ni ya idara, si ya mtu, na idara haiwezi kutapika leo na kesho ikala matapishi yake.

"Wiki ijayo nyumba hazitakuwepo," alisema.

"Ukienda huko, unakwenda kwa jina lako," mkuu akajibu. "Mimi sikukutuma."

Alimpigia kaka yake simu mara saba akishuka ngazi. Hapatikani. Akachapisha picha mbili kwenye karatasi, akazitia kifuani ndani ya koti, akaondoka na kigari chake kidogo ambacho hata kwenye lami kilikuwa kinalalamika. Lami iliisha baada ya nusu saa. Baada ya hapo aliendesha kwa gia ya pili akiwa ameuma meno, usukani ukimponyoka mikononi, akijaribu simu kila alipofika kwenye mwinuko. Saa nne ilimkuta njiani. Kwenye kona ya mwisho gari lilizama matope hadi bampa. Alivua viatu, akaviacha, akapanda mbio kwa miguu.

Aliisikia mashine kabla hajaiona. Katapila la manjano lilikuwa limeshaangusha nyumba tatu na lilikuwa linajigeuza kuikabili ya nne. Watu walikaa kwenye manyunyu juu ya magodoro yao yaliyokunjwa, wakiangalia. Kaka yake alisimama katikati na mfuko wa plastiki uliobeba karatasi.

"Kaka, simamisha mashine."

Kaka yake aliona miguu yake ilivyojaa tope, akashtuka. "Mdogo wangu, umefuata nini huku?"

"Simamisha kwanza. Nitakueleza."

Kaka yake alifungua mfuko, akatoa ripoti, akaonyesha chini ya ukurasa wa mwisho. "Hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu. Nilikosea."

Alilisema taratibu, kwa kaka yake tu. Katapila likasogea. Akarudia kwa sauti ya kusikika hadi kwenye magodoro kwamba amekosea yeye, kwamba msitu haukufyekwa, na kwamba watu hawa hawakufanya alichoandika.

Kaka yake alimshika kiwiko akamvuta pembeni. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba alfajiri hii amewaita watu hawa wezi wa msitu, mbele ya watoto wao, kwa kuwa dada yake hajawahi kukosea. Na sasa anakuja kumvua nguo hadharani?

"Twende juu tukaangalie," Mama Ramani alisema. "Nusu saa. Ukikuta kisiki kimoja tu kilichokatwa, rudi uendelee."

Kamanda akainua mkono, na mashine ikazimwa.

Walipanda wawili, lakini nyuma yao alikuja mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemwita. Alikuwa mwenye nyumba ya tatu. Vumbi la ukuta wake lilikuwa bado limemganda kwenye nywele. Mianzi ilianza baada ya mwendo mfupi. Ilikuwa ya kijivu, mikavu, imesimama kwa maelfu hadi juu kwenye ukungu, ikigongana kila upepo ulipopita. Chini, maganda ya mbegu yalijaa kama pumba kwenye mashine ya kukoboa, na panya walikatiza bila hata kuogopa miguu yao. Mama Ramani alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kaka yake akasimama. Mbele yao palikuwa na kisiki kilichokatwa kwa panga, kisha cha pili, kisha uwazi mkubwa kama darasa, umekatwa wote.

"Ulisema kimoja," kaka alisema.

Aliyejibu ni yule mwanamke.

"Hapo tulikata sisi. Tuliezekea vyoo vya shule. Ilikuwa imeshakufa, kamanda, tungekata mibichi ya nini?"

Chini, mwendesha katapila aliwasha mashine, labda kwa kuona baridi, na ngurumo yake ikawafikia pale juu.

"Nilisema vibaya tena," Mama Ramani alisema. "Pima hapa, kaka, uandike hapa. Walichokata ni hiki. Usiandike mlima mzima kama nilivyofanya mimi."

Kamanda akatembea, akihesabu kwa sauti: hatua kumi na nane kwa upande mmoja, kumi na mbili kwa mwingine. Alipomaliza aligeuka akautazama mteremko uliobaki, wote, kwa muda mrefu. Akamnyooshea dada yake ripoti na kalamu.

"Andika nyuma kwamba unaifuta. Weka na saa, wasije wakasema niliamua mwenyewe."

Aliandika akiegemea mgongo wa kaka yake, kwa herufi zilizopinda. Walipokuwa wanashuka, mwanamke alimfikia.

"Wewe ndiye yule ambaye kamanda alituambia ametutazama kutoka angani kwa miaka tisa?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo. Hukuweza kuja hata mara moja?"

Katapila liliondoka kabla ya adhuhuri. Kesho yake Mama Ramani alipewa barua ya kujieleza, na baada ya kikao akaondolewa kwenye ramani kwa miezi sita, akapelekwa kupanga mafaili. Wataalamu watatu walitumwa mlimani na wakathibitisha alichosema. Amri ikafutwa. Mkuu wa idara alitoa mwongozo mpya kwamba ramani yoyote ya ufyekaji isitoke kabla mtu hajakanyaga mahali penyewe, akauita mwongozo wake. Kaka yake hakuja kula kwake kwa muda mrefu. Alituma salamu tu.

Zile nyumba tatu zilianza kujengwa upya mwezi wa pili baada ya hapo, kwa shida na kwa barua nyingi. Kila Jumamosi Mama Ramani alikwenda, akavaa nguo za kazi, akasomba udongo pamoja na wengine. Wa nyumba mbili walimzoea, wakamtania kwamba hajui kubeba ndoo. Mwenye nyumba ya tatu alimpita kana kwamba ni nguzo. Mama Ramani alimwamkia kila alipofika na kila alipoondoka, bila kujibiwa. Jumamosi ya tisa mwanamke huyo aliitikia, neno moja tu, akaendelea kukandika ukuta.