Togwa ya Kunegunda

Aurelia alipochoka kukoroga alisimamisha mwiko katikati ya sufuria, akaushikilia kwa mikono miwili na kupumzika akiwa wima. Kuketi hakuthubutu. Alijijua: akiketi leo Alhamisi, kuinuka ni mpaka Jumamosi, na Jumamosi ndiyo ilikuwa misa ya mwaka mmoja tangu afariki mama yake, Kunegunda.

Baada ya misa watu wangekuja hapa nyumbani, Lizaboni, ili wale na kunywa togwa. Hilo halikuhitaji kikao cha ukoo. Tangu Aurelia akiwa mdogo, hakuna ubatizo wala komunyo ya kwanza mtaani kwao iliyokwisha bila mtu kuuliza kama togwa ya Mama Kunegunda imefika. Watu walikuwa wakitoka Peramiho na madumu yao matupu, wanabisha hodi, wanasalimu harakaharaka, macho yameshafika jikoni.

Akaepua sufuria, akaacha uji upoe. Hapa ndipo wengi huharibu. Kimea cha ulezi ukikitia uji ungali wa moto kinakufa, utabaki na uji mzito wa kulisha kuku. Ukisubiri mpaka upoe kabisa, nacho kinalala tu, hakifanyi kazi. Aurelia akachovya kidole, akaona kinavumilia, akamwaga kimea na kuanza kukoroga upya. Ulezi huo aliuloweka mwenyewe, akauotesha chini ya gunia bichi, akauanika, akaupeleka mashineni na kugombana na watu wa foleni ili usisagwe pamoja na vumbi la mihogo yao.

Mgongo ulimuuma mpaka akacheka peke yake. Alikuwa amechoka, na uchovu huo haukuanza leo. Ulianza siku mama alipopooza upande wa kulia, Aurelia akabaki nyumbani kumwogesha na kumgeuza kitandani, na ndugu zake wakabaki kwenye simu: "Pole na majukumu, dada." Ndiyo hivyo, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ijumaa mchana mdogo wake Gaspari akawasili kutoka Dodoma na mkewe Jane. Hata begi hakulitua vizuri.

"Shikamoo, dada. Iko wapi?"

"Marahaba. Umeanza kuuliza togwa kabla hujaniuliza hali?"

"Hali yako naiona. Nipe kikombe."

Akanywa amefumba macho. Akanywa tena kidogo, akalamba midomo.

"Tamu," akasema. "Tamu, dada, sikatai. Ila siyo ya mama."

Jane naye akaonja, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Kuna kitu kimepungua, wifi. Ile ya mama ilikuwa na, sijui nisemeje..."

"Sema tu."

"Ilikuwa na upendo."

Aurelia akaitazama mikono yake. Ilikuwa imechubuka kwa mwiko. Akaifuta kwenye kanga, ingawa haikuwa imelowa.

Gaspari hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ile tabia ya watu wa mbali, ya kufika nyumbani wakiwa tayari na maamuzi. Alisema afadhali wampigie simu Mama Theodosia wa Madaba, yule aliyekua pamoja na mama. Apande basi la asubuhi na togwa yake. Hii ya Aurelia wangeinywa wenyewe wa nyumbani.

"Watu wanakuja kumkumbuka mama," akasema. "Wakinywa hii watasema mkono wa Kunegunda umeisha. Tena nani ataonja mbele yao? Wewe?"

Hapo ndipo palipomchoma Aurelia. Kwao togwa haigawiwi wageni mpaka aliyeitengeneza anywe kikombe cha kwanza mbele ya watu wote, waone kwamba ni salama, na wajue ni ya nani. Kuonja ni kama kutia saini. Na Aurelia, tangu azaliwe, hakuwahi kuonja mbele ya mtu.

Alikumbuka mara ya kwanza baada ya mama kupooza. Aurelia alikoroga peke yake, mama ameketi kwenye kiti, mkono wa kulia umelala mapajani, mdomo unatoa amri: punguza moto, ongeza kimea, usikoroge kama unafukuza mbwa. Wageni walipofika mama akaomba kikombe, akakishika kwa mkono wa kushoto, akaonja. Watu wakapiga vigelegele. Walipoondoka akamkamata Aurelia kwa vidole vile vya kushoto, vyenye nguvu ya ajabu.

"Usiwaambie, mwanangu. Wakijua mkono huu umekufa, watanizika ningali hai."

Aurelia alikubali akidhani ni kwa siku ile tu. Ikawa miaka. Sifa zikawa zinapita juu ya kichwa chake kwenda kitini kwa mama, yeye akizunguka na sinia la vikombe.

"Gaspari," akasema sasa. "Hiyo unayoikumbuka ndiyo hii."

"Unasemaje?"

"Mama hakushika mwiko tangu alipopooza. Nilikoroga mimi. Zote."

"Acha, dada. Mama alikuwa anaonja mbele yetu. Mimi mwenyewe nimemwona."

"Alionja. Kukoroga nilikoroga mimi. Mkono wenyewe uliuona, ungekoroga nini?"

Jane akaweka kikombe chini polepole. Gaspari akasimama, mshipa wa shingo umemtoka.

"Mtu yuko kaburini, dada! Kesho tunamwombea, wewe leo unamnyang'anya?"

"Simnyang'anyi." Sauti ya Aurelia haikupanda. Haikuwa na nguvu ya kupanda. "Nimechoka, Gaspari. Nimechoka kushindanishwa na marehemu, na huyo mnayenishindanisha naye ni mimi mwenyewe."

Nje kuku alikuwa akiparua majivu. Mwishowe Jane akasema, bila kumtazama mumewe, "Basi kesho ataonja wifi."

Gaspari akaitikia kwa kichwa. Aurelia akahisi mabega yanashuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji. Alidhani yamekwisha. Lakini Gaspari alikuwa ameketi, na usoni alionekana anarudi nyuma, mwaka hadi mwaka.

"Zile za Krismasi?"

"Zangu."

"Na lile dumu nililoletewa Dodoma, nilipolazwa?"

"Langu."

"Nililinywa kitandani, dada. Niliwaambia manesi, hii ni ya mama yangu, ndiyo itakayoniponya." Akaukunja mdomo. "Kwa hiyo ya mama mwenyewe, ya mkono wake, ya mwisho niliinywa lini?"

Aurelia alikuwa anajua. Ilikuwa Pasaka ile kabla ya ugonjwa. Mama, na magoti yake yale mabovu, alikoroga siku nzima kwa sababu Gaspari alisema atapita akielekea Mbinga kikazi. Alipita kweli, gari la ofisi likinguruma barabarani. Akamkumbatia mama mlangoni, akautazama mtungi uliojaa, akasema ataunywa akirudi. Aliporudi akapitiliza. Mama alikataza mtu yeyote kuugusa mtungi ule, ukakaa mpaka ukachacha na kutoa povu, kisha akaubeba mwenyewe na kuumwaga migombani. Hakuwahi kukoroga tena.

Ukweli ulikuwa umekaa kwenye ulimi wa Aurelia, na leo alikuwa ameshaonja raha ya kuutema. Akamtazama mdogo wake, mvi zimeanza kumtoka, anasubiri jibu kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Pasaka ile ulipokuwa unaenda Mbinga," akasema. "Ulinywa hapo mlangoni, umesimama. Mama akakuongeza, ukamaliza."

"Kweli, dada?"

"Alifurahi sana."

Gaspari akajifuta uso kwa kiganja. "Mbona sikumbuki?"

"Ulikuwa na haraka," akasema Aurelia.